Yoga ya Chumbani ni Nusu ya Yoga

Wanaoinadi yoga huwa na faida mbili midomoni. Ya kwanza ni utulivu: mwenye hasira za karibu, wasiwasi au usingizi wa mang'amung'amu aifanye kwa majuma kadhaa, moyo wake utashuka. Ya pili ni ukaribu na watu: yoga hulainisha mtu, humfanya awavumilie wenzake na ajione mmoja wao. Faida hizi hutangazwa kama bidhaa mbili kwenye rafu, mnunuzi achague aitakayo, na siku hizi wengi huchagua ile ya kwanza. Hupakua programu kwenye simu, hutandika mkeka chumbani, hufunga mlango na kufuata sauti ya mwalimu asiyewajua wala wasiyemjua. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, yoga inapopotezewa nusu ya nguvu yake. Ukiufuatilia ushahidi uliopo, utulivu na ukaribu haviji kila kimoja kwa njia yake. Kwa sehemu kubwa hupita njia moja ya mwilini, na njia hiyo hufunguka vizuri zaidi mtu akiwa na wenzake. Swali la kuuliza kuhusu yoga katika miji yetu, basi, ni inafanywa wapi na pamoja na nani.

Tuanze na pumzi, maana huko ndiko sayansi ilikosimama imara zaidi. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akipunguza mpaka kama mara 6, yaani pumzi moja kwa sekunde 10, mapigo ya moyo, ambayo huongezeka kidogo tunapovuta pumzi na kupungua tunapoitoa, huanza kwenda sambamba na mawimbi ya shinikizo la damu, ambayo nayo kwa asili huchukua kama sekunde 10 kupanda na kushuka. Mwili hupata wepesi wa kulirekebisha shinikizo hilo, na ile sehemu ya mfumo wa fahamu inayotuliza moyo na tumbo huipiku ile inayotuandaa kupigana au kukimbia. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, na wenzake walichapisha katika BMJ, jarida la madaktari wa Uingereza, utafiti mdogo wa watu wazima 23 wenye afya. Waliwapima wakipumua kawaida, wakikariri mantra ya yoga, na wakisali Salamu Maria kwa Kilatini. Mantra na Salamu Maria, kila moja ilishusha upumuaji hadi karibu mara 6 kwa dakika na kuupanga upya mwendo wa moyo. Watafiti walidokeza pia kwamba rozari ilifika Ulaya kupitia wapiganaji wa Vita vya Msalaba, walioichukua kwa Waarabu, na kwamba asili yake ya mbali iko Tibeti na India. Wanahistoria wanaweza kulibishia hilo. Vipimo vya moyo ni habari nyingine.

Kuna jambo dogo katika utafiti huo ambalo wauza programu za simu hawalitaji. Rozari kanisani husaliwa kwa kupokezana. Kiongozi husema nusu ya kwanza, waumini hupokea nusu ya pili, na mzunguko mmoja huchukua kama sekunde 10. Muumini hutoa pumzi anaposema sehemu yake na huvuta nyingine akiwa anamsubiri kiongozi. Hahesabu sekunde wala hajilazimishi kutulia. Kumsubiri mwenzake ndiko kunakomtuliza. Darasa la yoga lenye mwalimu mzuri hufanya kazi hiyohiyo kwa viungo. Watu 20 wamesimama, kila mmoja kwenye mkeka wake. Mwalimu anasema vuteni, mikono 40 inapanda taratibu mpaka juu ya vichwa. Anasema toeni, migongo inainama na vidole vinatafuta sakafu. Mwenye pupa anajikuta mikono yake imefika juu wakati ya wenzake iko mabegani, basi mara ya pili anajizuia. Mwenye kifua kilichobana anamsikia jirani yake bado anatoa pumzi, naye anairefusha yake. Baadaye mwalimu anawapanga duara kwa mkao wa mti: mguu mmoja chini, unyayo wa pili umebanwa kwenye paja la ndani, mikono mabegani mwa walio kulia na kushoto. Mtu ambaye peke yake angeanguka baada ya sekunde chache, hapo anamaliza dakika nzima. Akiyumba, duara lote linayumba naye, watu wanacheka, kisha linatulia.

Kuna waliopima kinachotokea watu wanapofuatana hivyo. Mwaka 2009 Scott Wiltermuth na Chip Heath wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba watu waliotembea kwa hatua zinazolingana, au walioimba kwa kufuatana, walishirikiana zaidi baadaye katika michezo ya fedha, hata pale ubinafsi ulipokuwa na faida. Hawakuwa marafiki, wala hawakuhitaji kufurahi ili athari hiyo itokee. Mwaka uliofuata watafiti wa Oxford, akiwemo mwanaanthropolojia Robin Dunbar, waliwachukua wapiga makasia wa chuo hicho na kuwafanyisha mazoezi kwenye mashine, siku nyingine kila mtu peke yake, siku nyingine kwa pamoja kama wamo chomboni. Jasho lilikuwa lilelile. Lakini baada ya mazoezi ya pamoja uwezo wao wa kustahimili maumivu ulipanda zaidi, na uwezo huo ndio kipimo cha pembeni cha kemikali za ubongo zinazopunguza maumivu na kuleta raha ya kuwa na watu. Tafiti hizi mbili hazikuhusu yoga, nami sitajifanya zilihusu. Zinahusu kitu ambacho darasa la yoga linacho na chumba kilichofungwa hakina.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kucheka kidogo hapa. Stanford wamegundua mchakamchaka! Aliyepitia shule ya msingi Tanzania anajua mbio za asubuhi za mstari na nyimbo zinavyowageuza watoto waliogombana jana kuwa kundi moja kabla kengele haijalia. Klabu za jogingi za Dar es Salaam zinaendesha jambo hilohilo kila mwisho wa juma, fulana za rangi moja na wimbo wa kuitikiana, na wengi waliomo hawafuati kupungua unene tu. Zanzibar kuna Maulidi ya Homu. Wanaume waliovaa kanzu nyeupe na kofia hupiga magoti kwa mstari, bega kwa bega, wakaanza polepole, wakiinama, wakiinuka na kuyumba pamoja kwa kaswida na matari, mpaka mstari wote ukawa kama una uti wa mgongo mmoja. Atakayeitazama kwa makini ataona mambo yote niliyoyataja: pumzi iliyopangwa kwa sauti, mwili uliopangwa kwa jirani, na moyo unaofuata. Yoga haikutuletea kanuni mpya. Ndiyo maana inashangaza kwamba wengi wetu tumeipokea katika sura yake iliyo mbali kabisa na mambo haya tuliyoyazoea, sura ya mtu mmoja mbele ya kioo cha simu.

Na tusijidanganye kwamba upweke ni maradhi ya Wazungu. Ripoti ya Tume ya Shirika la Afya Duniani kuhusu uhusiano wa kijamii, iliyotolewa mwaka 2025, inakadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Katika nchi zenye kipato cha chini waliosema wana upweke ni kama asilimia 24, mara mbili ya nchi tajiri. Kijana aliyehamia Nairobi au Dar es Salaam kutafuta kazi anaweza kupanga chumba katika nyumba yenye wapangaji kumi na asijue jina la hata mmoja.

Je, kundi linatibu kweli, au linachangamsha tu? Jibu lenye uzito lilipatikana kwa jirani zetu Uganda. Katika wilaya za Masaka na Rakai, Paul Bolton na wenzake walijaribu tiba ya sonona kwa vikundi katika vijiji 30, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Watu walikutana mara moja kwa juma kwa majuma 16 wakizungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Mwishoni, waliobaki na vigezo vya sonona kali kwenye vijiji vilivyopata vikundi walikuwa asilimia 6.5, kwenye vijiji visivyopata, asilimia 54.7. Hapo hapakuwa na mkeka wala mkao wowote, watu walikaa tu pamoja na kuongea. Mtu atasema basi inatosha kuongea, yoga ya nini? Utafiti wa Bessel van der Kolk wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2014, unasaidia kulijibu hilo. Wanawake 64 waliobaki na kiwewe cha muda mrefu hata baada ya matibabu waligawanywa: wengine walipata darasa la yoga la saa moja kwa juma kwa majuma 10, wengine walikutana kwa muda uleule kwa elimu ya afya. Makundi yote mawili yalipata nafuu mwanzoni. Lakini mwishoni asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa, dhidi ya asilimia 21 ya wale wengine, ambao nafuu yao ilififia. Kwa aliyeumizwa sana, maneno yana mpaka. Mwili wake hushtuka kabla akili haijasema lolote, na ni mwili huo unaohitaji kufundishwa tena kwamba umo mahali salama. Kwa hiyo kundi lina kazi yake na mwili una kazi yake, na darasa la yoga ni mojawapo ya mahali pachache ambapo vyote viwili hushughulikiwa kwa saa moja.

Hapa inafaa kusema jambo kuhusu yoga ya simu. Mwaka 2024 BMJ ilichapisha uchambuzi mkubwa wa majaribio 218 yenye watu zaidi ya 14,000 kuhusu mazoezi na sonona. Kutembea au kukimbia taratibu, yoga, na mazoezi ya kunyanyua uzito vilionekana kusaidia kuliko vingine vingi, na kutembea kuliizidi yoga kidogo. Wenye programu hupenda kuitaja yoga katika orodha hiyo na kuruka kutembea, kwa kuwa kutembea hakulipiwi ada ya mwezi. Wanaruka pia kwamba sehemu kubwa ya utafiti wa yoga, kwa miaka yote hii, imefanywa darasani, washiriki wakiwa mbele ya mwalimu na katikati ya wenzao. Anayeuza yoga ya chumbani anaazima ushahidi wa ukumbini. Simsimangi aliyelala na mtoto mchanga au anayeishi mbali na mji. Nusu ni bora kuliko sifuri, na pumzi ya taratibu inafanya kazi hata gizani peke yako. Ila auziwe kama nusu.

Mjuzi wa historia atanikatisha. Atasema yoga ya asili ilikuwa ya watu waliokimbia watu: watawa wa msituni na mapangoni, waliotafuta kunyamazisha akili na kujitoa katika dunia, na kwamba maandishi ya Patanjali, msingi wa elimu hii, hayana darasa ndani yake. Ni kweli, na tena mikao mingi tunayoijua leo haimo humo. Darasa la watu wengi wakifuata mikao kwa mfululizo lilikua karne ya 20, hasa katika kasri la Mysore miaka ya 1930, ambako Tirumalai Krishnamacharya aliwafundisha vijana, na wanafunzi wake kama B.K.S. Iyengar na Pattabhi Jois wakaitawanya yoga duniani. Mtafiti Mark Singleton ameonyesha kwamba mazoezi ya viungo ya Ulaya yalichangia sura hiyo mpya. Lakini hoja hii inanipa nguvu kuliko inavyoniangusha. Kilichoenea duniani na kupimwa na madaktari ni hii yoga ya ukumbi. Na hata Patanjali hakuwasahau watu wengine: ngazi ya kwanza kabisa katika ngazi zake nane inahusu kutodhuru, kusema kweli na kutoiba, mambo ambayo mtu wa pangoni hana wa kumfanyia. Kwingine anashauri kuwa na urafiki kwa walio na furaha na huruma kwa wanaoteseka, na analitaja hilo kuwa njia ya kuituliza akili. Namna mtu anavyowatendea wenzake inahesabiwa hapo kuwa sehemu ya utulivu wake.

Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi ni jingine. Mwaka 2018 Jochen Gebauer na wenzake walichapisha utafiti uliofuata wanafunzi 93 wa yoga nchini Ujerumani kwa majuma 15. Yoga inasifiwa kwamba hushusha nafsi; wao waliikuta inaipandisha. Wanafunzi walipotoka kufanya yoga walijiona bora kuliko wanafunzi wenzao kuliko walivyojiona siku ambazo hawakuifanya. Anayetazama picha za yoga mitandaoni, miguu nyuma ya shingo na machweo ya bahari kwa nyuma, hatashangaa. Jambo lolote linalomgusa mtu na analoendelea kulimudu humpa kiburi, hata swala, hata kuhifadhi Kurani. Siwezi kuudharau utafiti huo, na watetezi wa yoga wanaoufumbia macho wanajivunjia heshima. Ninachosema ni kwamba darasa linaweza kuongoza kiburi hicho au kukichochea. Ukumbi wenye vioo ukuta hadi ukuta, ambamo mwalimu humsifu anayefika mbali, unafundisha mashindano ya kimyakimya. Ukumbi ambamo mkao hufanywa wawili wawili, na mwepesi hulazimika kumsubiri mzito, unafundisha kitu kingine. Yoga yenyewe haiamui ni kipi.

Vivyo hivyo na mwalimu. Uzi unaowaunganisha watu wanaofuatana kwa pumzi na hatua ndio uleule unaoweza kuvutwa na mtu mbaya. Wiltermuth, yuleyule wa mwaka 2009, alionyesha baadaye kwamba watu waliotembea kwa hatua moja na kiongozi walikubali kwa urahisi zaidi alipowaagiza kuua wadudu. Kila jeshi linalofanya gwaride linalijua hilo. Katika yoga ushahidi wake ni mchungu: mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama Los Angeles liliamuru Bikram Choudhury, mwalimu aliyejenga himaya ya madarasa ya chumba cha joto, kumlipa aliyekuwa mwanasheria wake zaidi ya dola milioni 6 kwa kumnyanyasa kijinsia na kumfukuza kazi baada ya mwanasheria huyo kuchunguza malalamiko ya wanafunzi. Wanafunzi walimwamini kwa sababu walikuwa wamefunguka, na kufunguka ndiko walikokuwa wamekwenda kutafuta. Kwa hiyo anayetetea yoga ya pamoja, kama mimi, anawajibika kudai mambo ambayo yoga ya chumbani haiyahitaji: mlango usiofungwa kwa ufunguo, mwalimu anayeomba ruhusa kabla ya kumgusa mtu, mahali pa kulalamika pasipo mikononi mwa mwalimu mwenyewe, na madarasa ya wanawake peke yao kwa wanaoyataka.

Kuhusu dini, sipendi jibu jepesi la kwamba yoga ni mazoezi tu. Anayelitoa mara nyingi ndiye huyohuyo ambaye dakika tano baadaye atakwambia yoga ni hekima ya miaka elfu kadhaa. Imezaliwa India, imekulia katika mazingira ya Uhindu, Ubuddha na Ujaini, na muumini wa dini nyingine anayesitasita hana ujinga wowote. Viongozi wa dini nao hawakuwa na sauti moja. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia lilitangaza kuwa yoga yenye ibada na mantra ni haramu kwa Waislamu. Waziri mkuu wa wakati huo, Abdullah Badawi, akafafanua kwamba mazoezi ya mwili yasiyo na mantra hayakatazwi. Indonesia mwaka 2009 ilipita njia hiyo ya katikati. Hata Saudi Arabia, ambayo misimamo yake mikali ya awali inajulikana, iliikubali yoga kuwa miongoni mwa shughuli za michezo mwaka 2017. Upande wa Kanisa Katoliki, barua ya mwaka 1989 kutoka Idara ya Mafundisho ya Imani, iliyotiwa saini na Kardinali Ratzinger, ilikiri kwamba mbinu za mwili zinaweza kusaidia sala, ikaonya zisiabudiwe, na kwamba raha ya mwili isidhaniwe kuwa kazi ya Roho Mtakatifu. Naiona hiyo kuwa tahadhari yenye akili, hata kwa asiye Mkatoliki. Mwalimu atangaze mapema kama darasa lake lina mantra au halina, asizipenyeze. Na mwanafunzi asiyetaka kufumbata viganja na kuinamisha kichwa mwishoni aache bila kuulizwa. Tumeona kwamba pumzi ya sekunde 10 hupatikana kwa Salamu Maria sawa na kwa mantra. Kinachotuliza kinabaki hata maneno yakiondolewa.

Mwingine ataniuliza: kama Maulidi ya Homu, kwaya na jogingi vinafanya kazi ileile, tuagize yoga ya nini? Mwenye kwaya yake asiiache kwa ajili ya yoga, sitambadilishia. Lakini kwaya ina imani yake kwenye mlango, maulidi nayo ina yake, ngoma nyingi zina kabila lake, na jogingi haimtaki mwenye magoti mabovu wala bibi wa miaka 70. Yoga ya taratibu haihitaji sauti nzuri, ukoo, wala mapafu ya kijana. Anayeshindwa kuinama hukalia kiti akafuata pumzi hivyohivyo. Katika mitaa yetu iliyochanganyika hiyo si faida ndogo. Tatizo letu ni kwamba mlango wake umewekewa bei. Madarasa mengi mijini yapo hotelini, kwenye majumba ya mazoezi na mitaa ya wenye nacho, ambako mtu hulipa kwa saa moja fedha ambazo fundi wa ujenzi hupata kwa siku nzima. Shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa Nairobi mwaka 2007 na Mmarekani Paige Elenson, lilionyesha inawezekana vinginevyo: liliwafunza vijana wa mitaa ya mabanda kuwa walimu wa kulipwa, na darasa lake la pamoja la Jumamosi lisilo na kiingilio likajulikana kwa kuwakusanya mamia ya watu, mwenye gari na aliyekuja kwa miguu, mikeka ikigusana. Kutegemea wafadhili ni udhaifu wake, na mwanzilishi wa kutoka nje atazua maneno daima. Lakini vijana wale ni wa Nairobi, na ujuzi umebaki Nairobi.

Nalijua pia lile la siasa. Umoja wa Mataifa uliitangaza Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga kwa azimio la Desemba 11, 2014, lililopendekezwa na India na kuungwa mkono na nchi zaidi ya 170, na tangu hapo serikali ya Narendra Modi imeitumia siku hiyo kuijengea India jina. Mwaka 2023 yeye mwenyewe aliongoza darasa kwenye makao makuu ya Umoja huo, New York, lililoingia kwenye kitabu cha rekodi kwa kuwa na watu wa mataifa 135. Sioni shida kubwa; kila taifa hupeleka nje kilicho chake, nasi tungefurahi dunia ikicheza taarab. Shida yangu na Juni 21 ni kwamba ni siku moja. Maelfu hupangwa uwanjani kwa fulana mpya, kamera hupita, waziri hujaribu mkao mmoja, na kesho yake hakuna darasa. Majaribio niliyoyataja yalihitaji majuma 10, mengine 16, na watu walewale kila juma.

Hilo la kila juma ndilo linalotaka fedha, ingawa si nyingi. Kumbi za serikali za mitaa Tanzania na kumbi za kijamii za kaunti Kenya nyingi hazina kazi jioni za katikati ya juma, na madarasa ya shule yakisogezwa madawati yanatosha watu 20. Jamvi linafaa kama mkeka wa kununua. Gharama ya kweli ni mwalimu aliyefunzwa, ambaye hawezi kuishi kwa shukrani wala kwa kupigwa picha mwezi Juni. Halmashauri huzoea kutumia fungu la michezo kwa jezi na mipira ya mashindano ya siku chache, tena mara nyingi kwa vijana wa kiume. Sehemu ya fungu hilo huenda ikatosha kumlipa mwalimu mmoja wa yoga, au wa kwaya ikiwa kata inapenda hivyo, saa mbili za jioni kila juma kwa mwaka mzima. Madiwani waulizwe hilo bajeti inapojadiliwa.